Rege Tuliyompigia Mwenyekiti wa Ipole

Niliondoka Kanyenye, mtaa wetu wa Tabora mjini, kwa sababu ya asali. Shemeji yangu Kasanda, mrina asali wa Ipole, alinitumia salamu kwamba tangu wahamishiwe kijiji cha ujamaa, mwenyekiti amewakataza kwenda porini mpaka kazi ya shamba la tumbaku la kijiji iishe. Asali inavuja, nyegere wanaila na kunenepa. Akisema mwenyewe ataitwa mvivu, basi akataka nimtungie wimbo.

Mimi ni fundi baiskeli. Shule niliiacha darasa la pili, lakini gitaa hakunifundisha mtu. Rege niliidaka kwenye kaseti za jirani yangu Mhindi muuza vitambaa, aliyezipiga dukani mpaka mkewe azime.

Asubuhi nilipanda lori la ushirika, juu ya magunia ya mbolea. Njia ileile babu zetu waliipita na pembe za ndovu mabegani. Mimi na gitaa. Njia nzima nilitunga, na mwenyekiti nilimtukana vizuri sana.

Sikonge tulishuka kunywa chai. Abiria niliowaimbia walicheka. Dereva akaniomba nisiseme nani kanipakia.

Ipole tulifika mchana. Kasanda alinisikiliza huku anatafuna muhogo, akasema nimeimba kama mlevi aliyenyimwa pombe.

"Shemeji, ukimtukana tutalala lokapu. Na yeye ana mizinga yake huko porini. Muulize hiyo."

Nilinuna, lakini alisema kweli. Kwa warina asali mzinga wa mtu haufunguliwi na mwingine, hata asali ikidondoka chini. Tukaanza upya: maneno yake, rege yangu, debe likawa ngoma.

Jioni kulikuwa na mkutano wa kijiji, tukasimama kuimba. Ubeti wa kwanza ulisifu tumbaku, na mwenyekiti akawa wa kwanza kucheza. Anajua kucheza, nisimnyime haki yake. Ukaja wa mwisho:

*Ndugu Mwenyekiti, mzinga wako
nani ataufungua?*

Akasimama, mguu mmoja bado uko juu. Kasanda akainamia debe lake. Mimi sikuacha kupiga.

"Ndugu mgeni, hayo maneno ya nani?"

"Ya rege, Ndugu Mwenyekiti."

Akatazama upande wa porini. Kisha akatangaza zamu: nusu ya wanaume tumbaku, nusu asali. Yeye akajiandika zamu ya kwanza.

Kesho yake nilirudi Tabora na kibuyu cha asali. Nilichojifunza ni hiki: mkubwa usimpigie kelele. Mchezeshe kwanza, halafu muulize lile swali ambalo hata yeye hulala nalo.