Fungu la Kumi la Nyanya

Ilianza Jumamosi, saa nne asubuhi, sokoni Buguruni. Mama alikuwa ameinuka kitandani baada ya homa ya wiki tano, na mimi nilikuwa nimemwahidi Mungu shukrani. Kanisani sisi bado wageni, tumebatizwa juzi tu. Mwinjilisti alikuwa ametangaza kwamba mwenye shukrani alete fungu la kumi. Mwingine angeuliza maana. Mimi msichana wa sekondari niulize nini? Mafungu nayajua.

"Shikamoo, bibi. Fungu hili la ngapi?" nikamwuliza muuza nyanya.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hilo la senti tano. La kumi ni lile kubwa."

"Nipe la kumi. Ni la Mungu."

"La Mungu?" Akaniongezea nyanya mbili. "Haya, mwambie na mie nipo."

Kesho yake asubuhi, mimi nionaye haya hata kuomba chumvi kwa jirani, nilikwenda mbele ya kanisa kifua mbele, nikazipanga nyanya mezani vilevile kama sokoni.

"Nini hizi, binti?" akauliza Mwinjilisti.

"Fungu la kumi," nikajibu kwa sauti. "Ya tano yalikuwepo, nikayakataa."

Kanisa zima likaangua kicheko. Mwinjilisti akajifuta machozi, akanieleza kuwa ni sehemu moja katika kumi ya mapato ya mtu. Uso uliniwaka, nikageuka nikimbie. Ndipo nikasikia, benchi la nyuma, mama naye anacheka, akijishika mbavu. Tangu augue sikuwa nimemsikia akicheka.

Nikabaki nimesimama palepale mbele, ili aendelee.