Kabla hajabonyeza, Kavira huweka kiganja kwenye diski

Saa nne na nusu asubuhi, Exaucée Kavira amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, kiganja chake cha kulia kimelala juu ya kisanduku cha chuma kizito kama tofali. Macho ameyafumba. Anasikiliza kwa mkono.

Mbele yake ipo kompyuta ya miaka ya themanini, imefunguliwa tumbo, rangi yake imegeuka kuwa ya chai ya maziwa. Nyuma yake mashine ya kudarizi yenye vichwa sita imesimama kimya, nyuzi nyekundu zingali zinaning'inia kwenye sindano. Imesimama hivyo tangu Jumatatu.

"Umeshalala, fundi?" anauliza Jibril, mwendesha mashine, aliyeegemea mlango na kikombe chake cha chai.

"Kaka, nyamaza kidogo. Hii inasema."

"Inasema nini?"

"Inasema wewe nyamaza."

Karakana hii iko nyuma ya maduka ya kuchapisha ya Wandegeya. Mwenyewe ni Zahara Sudi, ambaye mtaani huitwa Mama Rayyan, wa ukoo wa Kiislamu ambao umekuwa ukiuza na kushona nguo Kampala tangu enzi za babu wa babu yake. Hapa ndipo kanzu za kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba, zinapotiwa nakshi shingoni, na beji za sare za shule kadhaa za Ntinda zinapodariziwa.

Nakshi zote hizo, kuanzia ua dogo la kola hadi nembo za shule, zinakaa kwenye kompyuta hii moja. Ndani yake mna diski mbili. Moja ina programu inayoendesha mashine, na hiyo ndiyo iliyokufa. Ya pili ina nakshi zilizochorwa kwa zaidi ya miaka ishirini, na bado ni nzima. Flopi zilizokuwa na nakala zake ziliota ukungu zamani.

Kazi ya Exaucée leo ni kuifuta ile iliyokufa mpaka chini kabisa, kisha kuianza upya. Akikosea akaifuta ile nzima, nakshi zimekwenda na hakuna wa kuzirudisha.

"Naogopa," anasema bila aibu. "Miaka yote hii niko nafanya, na kila mara niko kama mtoto wa mtihani."

Hofu yake si ya bure. Mwaka jana fundi mmoja wa simu, jirani yake kazini, alishtakiwa na mteja aliyepotelewa na picha za harusi. Akalala kituoni mpaka ndugu wakaja kumtoa. Exaucée, mkimbizi kutoka Butembo mashariki mwa Kongo, hana ndugu wa kuja. Yupo na mwanawe mmoja tu, Heritier, mwenye umri wa miaka saba, ambaye kila siku baada ya masomo hukaa kwenye ngazi za shule huko Nsambya akimngojea.

"Yule fundi alikuwa na bibi nyumbani. Miye nikilala huko, mtoto nani anamchukua? Atakaa pale kwenye ngazi mpaka mlinzi afunge geti." Anafuta mkono kwenye kitenge. "Hiyo picha ndiyo inakuja kichwani. Si ya kompyuta. Ya mtoto kwenye ngazi."

Alijifunza kazi hii kwa mzee Ojok, fundi wa mashine za ofisi ambaye siku hizi amestaafu na kurudi kwao Gulu. Exaucée aliajiriwa kumfagilia chumba. Siku moja Ojok akamkuta anafagia huku anasoma kitabu cha maelekezo cha kompyuta kilichokuwa kwa Kifaransa, lugha ambayo mzee hakuijua. Kuanzia hapo ufagio ulipata likizo.

"Alikuwa mkali, lo! Nikikaribia kibodi kabla sijashika diski kwa mkono, ananigonga kidole na bisibisi. Tena si kwa mchezo."

Mafundi wa namna yake wamebaki wachache. Vijana wengi wa Wandegeya hutengeneza simu na kompyuta za kubeba, na hawajawahi kuiona diski nzito kama hizi. Kazi moja ya aina hii humpatia Exaucée karibu shilingi laki moja na nusu, lakini unaweza kupita mwezi mzima bila kuitwa. Siku nyingine huuza vitenge.

Kwa nini mtu asitupe tu hiki kikongwe? Zahara anamcheka mwandishi wa habari hii kwa swali hilo. "Mashine ya kudarizi haijui kompyuta nyingine isipokuwa hii. Zimeoana. Na mashine mpya ni bei ya kiwanja, nnyabo. Kiwanja chenye hati!"

Exaucée anaeleza ugonjwa wa diski kwa kuinyooshea kidole mashine ya kudarizi. Ndani ya diski, anasema, kuna kichwa kinachosoma, kinachopita juu ya mistari iliyochorwa kiwandani. Chuma kikizeeka, kichwa kinahama pembeni kidogo sana, chini ya unene wa unywele. Mistari ipo, lakini kichwa hakiipati.

"Ni kama mama mzee anatunga sindano. Uzi uko, tundu liko, jicho limesogea. Sasa miye siwezi kurudisha jicho. Ninachora mistari mipya pale jicho liko leo."

Huko ndiko kufomati kutoka chini. Kila kilichokuwa juu ya diski kinafutika. Baada ya hapo diski hugawanywa, yaani kompyuta huambiwa eneo lake linaanzia wapi na kuishia wapi, ndipo programu zipangwe upya kama vyombo katika nyumba iliyopakwa rangi.

Na haifanywi diski ikiwa baridi. Chuma kinatanuka kwa joto. Mistari iliyochorwa asubuhi kwenye baridi itakuwa imehama mchana. Kwa hiyo tangu alipofika, Exaucée ameiwasha kompyuta kwa kutumia flopi yake mwenyewe, akaacha diski zote mbili zizunguke zikae katika joto la kazi, huku nje mawingu yakizidi kuwa mazito upande wa ziwa.

Kwenye fremu ya kompyuta kuna vipande viwili vya plasta vilivyoandikwa kwa kalamu. Cha juu kinasema PROGRAMU. Cha chini, NAKSHI. Kwa plasta hizo, diski ya kufutwa ni ya juu, na ya chini ndiyo ya kuchomolewa na kuwekwa mbali, salama.

Anaandika amri ya kuiambia kompyuta isome orodha ya nakshi. Kiganja kiko juu ya diski ya chini. Majina yanaanza kupanda kwenye skrini, lakini chini ya kiganja hakuna kitu. Diski inavuma tu.

Anauhamisha mkono juu, anarudia amri. Diski ya juu inamtetemekea mkononi kama kuku aliyeshikwa mabawa.

Exaucée anautoa mkono kana kwamba ameungua. "Mungu wangu."

"Nini?" Zahara anaacha kukunja vitambaa.

"Kaka Jibril. Hizi diski mlizitoa humu ndani?"

"Nani, mimi?" Jibril anatua kikombe. "Nilipiga vumbi kidogo tu. Kabla ya Idi. Si unaona manyoya ya nyuzi yanavyojaa humu?"

"Ukazitoa."

"Nikazitoa, nikazipiga brashi, nikazirudisha. Nyaya nilizirudisha kila moja kwa mwenyewe, na ilifanya kazi!"

"Ya juu ilirudi juu?"

Jibril anaziangalia diski, anaangalia plasta, anaziangalia tena diski. "Dada, zinafanana. Zinafanana kama mapacha wa jirani yetu Bi Rukiah."

"Banange!" Zahara anakaa juu ya marobota ya vitambaa, mkono kifuani. "Jibril! Ungetumaliza! Kanzu zote zile, watu wangeoa na nini?"

"Mama Rayyan, mimi nilikuwa nasafisha!"

"Usisafishe tena. Kaa na vumbi lako."

Exaucée hacheki. Amekaa chini, mgongo ukutani. Angeziamini plasta, angeichomoa diski iliyokufa, akaiacha ya nakshi ndani, akaifuta kwa mikono yake mwenyewe huku mwenye nayo akimtazama.

Sasa hofu ina sura nyingine. Ili aichomoe diski ya nakshi, lazima azime kompyuta. Na ile iliyokufa ilimchukua asubuhi hii saa nzima kuizungusha. Ikizimwa, kichwa hunata kwenye sahani inayozunguka ndani, nayo hulala isiamke.

"Si uziache zote mbili humo, uchague kwa namba?" Zahara anauliza kwa sauti ya chini.

"Namba inabonyezwa na kidole, Mama Rayyan. Tazama kidole changu." Anaunyoosha mkono. Unatetemeka wazi. "Kwa kidole hiki mtu asichague kitu."

Anazima. Mvumo unashuka polepole mpaka ukimya unajaa chumbani. Anaichomoa diski ya nakshi, anaifunga ndani ya taulo, anampa Zahara.

"Shika. Usiweke chini, usimpe mtu."

"Hata Jibril?"

"Jibril zaidi."

Anawasha. Taa ndogo inawaka, feni inazunguka. Diski iko kimya. Anazima, anawasha tena. Kimya.

Hapo ndipo Zahara anaanza kusoma Kul-huwallahu chini kwa chini. Exaucée anailegeza diski kutoka kwenye fremu, waya wa umeme ukiwa umechomekwa, anaishika kwa mikono miwili kama sufuria yenye mfuniko, anaizungusha ghafla kwa kifundo cha mkono. Hakuna. Tena. Kitu kinalia ndani, kidogo, kama kokwa inayovunjika, kisha mvumo unapanda.

"Bon," ananong'ona. "Imeamka. Na iko moto bado."

Anairudisha kwenye fremu, anailaza vile itakavyokaa siku zote. Anaita programu ya kufomati. Skrini inauliza swali lake kwa Kiingereza: kila kitu kwenye diski hii kitafutwa, uendelee? Analisoma. Analisoma tena, midomo ikicheza.

"Mama Rayyan, diski unayo?"

"Ninayo."

"Niambie tena."

"Ninayo, Mama Heritier. Nimeikumbatia kama kichanga."

Anabonyeza.

Hakuna mlio wala moshi. Namba zinapanda tu kwenye kona ya skrini, moja moja, na diski inatoa sauti ya panya anayetafuna gunia. Matone ya kwanza yanagonga mabati. Wandegeya yote inajua mvua kubwa na umeme havikai pamoja, na karakana haina betri ya akiba. Umeme ukikatika sasa, diski italala nusu imechorwa, na hakuna ajuaye kama itaamka tena.

Taa ya darini inapepesa. Inafifia. Skrini inasinyaa, kisha inatulia.

Hata Jibril utani umemwishia. Ameweka viganja juu ya mapaja kama mtu aliye kwenye swala. Exaucée hatazami skrini. Ameurudisha mkono juu ya diski na anafuata mtetemo wake, hatua kwa hatua, mpaka unapokoma wenyewe.

"Imemaliza," anasema, akiuinua mkono.

Yaliyobaki anayafanya kwa kasi. Anaigawa diski, anaipanga upya, kisha anafungua kopo la maziwa ya unga anamohifadhi flopi zake zikiwa zimezungukwa na mchele mkavu ili zisiote ukungu, anarudisha programu moja baada ya nyingine. Anazima mara ya mwisho, anairudisha diski ya nakshi. Anawasha.

Zote mbili zinaamka. Majina yanapanda kwenye skrini, na Zahara anayasoma kwa sauti kama mwalimu anayeita mahudhurio: ua la kola, mwezi mdogo, mwezi mkubwa, nembo ya shule ile, nembo ya shule hii. Machozi yanamtoka, na anamlaumu Jibril na vumbi lake.

Exaucée anataka siku moja kila nakshi ya mji huu iliyo kwenye diski za namna hii iwe na nakala kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Kuna kifaa cha kuunganisha kadi hizo na kompyuta kongwe, na amekwisha kuanza kuweka akiba akinunue. "Ili maisha ya mtu yasikae juu ya mkono wangu tu," anasema. Akipata kifaa hicho atapangisha meza ya kwake kwenye maduka ya mbele, barabarani, aache kuitwa huku na kule.

Mpaka leo hana hata kibao cha jina lake. Wateja humpata kwa kuulizana. Alitaka hivyo: kazi ikiharibika, mtu asijue pa kumtafuta.

Mashine sasa imewashwa, na Jibril anatandika kitambaa cheupe cha majaribio. Programu ina herufi zake. "Tudarizi nini, fundi? Jina la nani?"

"La Mama Rayyan."

"Langu liko mlangoni tayari," anasema Zahara. "Andika la fundi."

Exaucée anasita. Anatazama sindano sita zinazosubiri, mvua mlangoni, kisha saa yake. Ngazi za shule ziko mbali na atahitaji boda.

"Andika Kavira," anasema. "Kwa herufi kubwa."

Sindano zinashuka pamoja. Zikishamaliza, yeye mwenyewe anakata kipande chenye jina moja, anakikunja ndani ya kopo la flopi, juu ya mchele. Kitakuwa kibao chake cha kwanza, anasema, mpaka apate cha mbao.

"Bado naogopa, usiandike kama nimepona," anamwambia mwandishi akijitanda kitenge kichwani. "Lakini watu wakinitafuta, wanipate."