Bibi Alipokuja Kumwombea Zubeda Msamaha

Leo nimeombwa msamaha kwa kosa ambalo hakuna aliyelifanya. 😅

Nafundisha mabinti kriketi hapa Mkumbara. Vyuma vya mazoezi hatuna, kwa hiyo tunatumia madumu ya maji. Unabeba dumu kila mkono, unazunguka uwanja, ukimaliza unaruka kichura.

Sasa jamani, nani kati yetu hakubebeshwa maji na kurushwa kichura shuleni kama adhabu ya kuchelewa namba asubuhi?

Basi Zubeda anazunguka, jasho linamtiririka, nami nampigia kelele, "Kaza! Usiweke chini!" Mara namwona bibi yake anakatiza uwanja akitoka shamba, jembe begani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Akatua jembe. "Mwalimu, huyu nimemlea mimi. Kama kakosa, mimi ndiye sikumfunza. Msamehe."

Kabla sijajibu, keshamfikia Zubeda na kumpokea dumu moja.

"Lete. Nusu ya adhabu nabeba mimi."

Akaanza kuzunguka naye. Mgongo umepinda, lakini mguu hautetereki.

Zubeda machozi yanamlengalenga.

Nikawakimbilia. "Bibi, hajakosa! Haya ni mazoezi, apate nguvu ya kurusha mpira mbali. Timu nzima tunamtegemea yeye."

"Hajakosa?"

"Hajakosa kabisa."

Akamtazama mjukuu wake, akamfuta jasho kwa ncha ya khanga. Kisha akamrudishia dumu lake, akanigeukia.

"Sasa mbona umempa madogo?"