Siku Tuliyoichangia Benki

Dada yangu mkubwa ni mkulima wa kahawa huku Mukurweini, juu kidogo ya Gakindu, na nyonga yake ya kushoto imelika. Daktari wa Nyeri alituonyesha picha, akatuambia mfupa unasagana na mfupa, na kwamba dawa za maumivu zitafika mahali zishindwe. Dawa ya kweli ni kubadilishiwa nyonga. Bima ya serikali ingelipa kipande tu. Kipande kingine dada alikuwa nacho benki, pesa za kahawa alizoziweka tangu azike mume wake. Akapewa tarehe ya kulazwa, akafurahi mpaka nikamcheka.

"Mwalimu," aliniambia, maana hata yeye huniita hivyo, "nikitoka huko nitapanda hii milima nikikimbia. Wewe utaniita mpaka uchoke."

Benki yenyewe haikuwa ya matajiri. Ilianzishwa na wakulima, ikakua, ikajijengea ghorofa mjini Nyeri, na sisi hatukuiita kwa jina lake. Tulisema tu "benki yetu." Kisha ikaanza kusemwa sokoni kwamba ni mgonjwa. Wakubwa wake walikuwa wamejikopesha wao kwa wao, wakanunua mashamba na kuanzisha majengo yasiyoisha, na mikopo hairudi. Wenye akili, ama wenye woga, wakaenda mjini mmoja mmoja kutoa pesa zao bila kuaga mtu.

Jumapili moja mwenyekiti wa benki akaja kanisani kwetu. Mtu mnene, mpole, sauti ya mazishi. Alisimama mbele baada ya mahubiri akauliza, "Mtu wa kwenu akilazwa, mnamwacha afe?" Kanisa likajibu hapana. "Basi benki yenu imelazwa," akasema.

Lazima uwaelewe watu wetu. Huku mtu akiugua, akijifungua, nyumba yake ikiungua, tunachanga. Humuulizi aliingiaje kwenye shida. Unatoa, na kila mtu anakumbuka ulitoa, na siku yako ikifika wanakuja kwako na viazi na unga na pesa, wanakaa mpaka jioni. Hatuna serikali nyingine ya maana kuliko hiyo. Kwa hivyo hakuna aliyeona ajabu. Tuliichangia benki, jamani! Harambee kabisa, kwaya ikiimba, na mbuzi akanadiwa.

Mwenyekiti alieleza jambo moja zaidi. Mtu akiongeza akiba, alisema, hiyo kwa benki ni deni. Lakini akinunua hisa, anaipa benki nguvu. Hata pesa uliyo nayo humo tayari unaweza kuigeuza iwe hisa, hapo hapo, kwa sahihi tu. "Usiwe mteja," alisema. "Kuwa mwenye benki."

Nilimwona dada akishika kiti cha mbele ili ainuke. Nikamvuta sweta.

"Keti. Hiyo ni nyonga yako."

"Nitaitoa nikilazwa," akaninong'oneza. "Ati tukae tukiangalia ikikufa? Hiyo benki ilisomesha watoto wangu."

Ilimchukua muda kusimama. Uchungu ulikuwa usoni, kila mtu aliuona, na watu wakapiga makofi hata kabla hajasema. Akageuza akiba yake yote kuwa hisa. Mwenyekiti akamwita mama wa imani. Nyuma yetu alikuwa ameketi jirani yetu, mwenye duka la mbolea, mikono imefungwa kifuani. Huyo hakutoa hata shilingi, na akina mama walimkata kwa macho mpaka nikamhurumia.

Tuliyoyachanga hayakuitosha benki hata kwa kiamsha kinywa. Haikupita muda milango ikafungwa, karatasi ikabandikwa, na polisi wakawekwa pale nje. Nilisimama na dada kwenye ile baridi ya mji, ukungu umeshuka mpaka barabarani, kati ya watu waliokuwa wakisoma karatasi ile ile tena na tena. Tarehe ya hospitali ilikuwa imekaribia. Nikapiga simu, nikaomba isogezwe. Wakaisogeza.

Hapo ndipo redio zikashika moto. Je, serikali iiokoe benki kwa ushuru wetu? Nyumbani kwangu kulikuwa vita. Mume wangu ni polisi kutoka magharibi, amefanya kazi huku mlimani miaka mingi, na akikasirika hutembea jikoni akizungukazunguka.

"Mimi nikishika mwizi wa kuku namfunga," alisema. "Huyu ameiba benki nzima, ati tena nikatwe mshahara nimlipie? Kwa nini?"

"Kwa sababu shemeji yako hawezi kutembea."

"Basi wampe shemeji! Wasimpe benki!"

Alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Lakini siku hizo sikutaka kweli. Nilitaka nyonga. Wangeniachia mimi, ningekamua ushuru wa Kenya nzima, wa walimu, wa polisi, wa mama muuza sukuma wiki, niumwage kwenye ule mlango mpaka ufunguke. Nilimwambia hivyo. Akanywa chai yake.

Basi serikali ikakubali. Pesa za umma zikaingizwa, wakubwa wapya wakaletwa, jengo likapakwa rangi. Siku habari ilipotangazwa mume wangu mwenyewe alikwenda kwa dada na kilo mbili za nyama. "Shemeji," alimtania, "hiyo nyonga nimekununulia mimi. Ukitembea, ujue unatembea na mshahara wa polisi." Dada alicheka akafuta machozi, na mimi pia. Tulikula ile nyama kwa raha.

Siku ya kulipwa tulifika mapema. Mbele yetu kwenye foleni alikuwa mwenye duka la mbolea. Akalipwa akiba yake yote. Alipopita hakututazama, na sikumlaumu, angesema nini? Zamu yetu ikafika. Msichana wa kaunta alikuwa na adabu nzuri. Akaangalia kompyuta, akaangalia tena.

"Mama, wewe huna akiba hapa. Uko na hisa."

"Ndiyo," dada akasema. "Mimi ni mwenye benki."

"Serikali imelipa wateja, mama. Wenye benki ndio hubeba hasara. Na baada ya hasara hakuna kilichobaki."

Nilipiga kelele. Sijui yote niliyosema. Nakumbuka nikiuliza kama wenye benki ni huyu mwanamke wa gamboti za shambani au wale waliokopeshana mashamba, na nakumbuka askari akinishika kiwiko, akiniita mwalimu, akiniomba taratibu. Msichana alikuwa analia. Dada alikuwa ameegemea kaunta, anajaribu kugeuka bila kuukanyaga ule mguu.

Hospitali walitusogezea tena, kisha wakampa mtu mwingine nafasi. Mimi mwalimu nina mikopo yangu, mume wangu ana yake, na kijiji kimeshachanga, kiliichangia benki. Tuliitisha mchango wa dada hata hivyo. Tukapata pesa ya dawa za maumivu. Mwenyekiti wa zamani yuko kwake, hajashikwa, nasikia anafuga ng'ombe wa maziwa. Mume wangu haongei tena mambo ya ushuru. Kila mwisho wa mwezi anakatwa, nami nakatwa, na sehemu ya hiyo ilikwenda kulipaka lile jengo rangi.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kumsaidia dada kuchuma kahawa. Sasa anachuma akiwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Akimaliza matawi ya chini anaiburuta hadi mti unaofuata, anashuka tena polepole akiuma midomo. Ya juu ananiachia.

"Mwalimu," akasema, "ile benki ilipona kabisa?"

"Ilipona."

"Iko na nguvu?"

"Wamefungua tawi lingine Kutus."

Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli, maana dada yangu ana kejeli zake. Sikuiona. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, ameridhika, kama mtu aliyeletewa salamu za mgonjwa.

"Basi itakuja kuniona," akasema. "Mimi si nilienda kwake ikiwa mgonjwa?"

Nikavuta tawi la juu, nikaendelea kuchuma.