Nilivyoweka card ya WiFi na Bluetooth kwa desktop ya mama mkwe bila kukanyaga chumbani kwake

Wakuu, salamu kutoka Migori.

Mimi hapa huwa msomaji tu. Nakula ujuzi wenu kimya kimya, nafunga simu, nalala. Leo wacha na mimi nichangie.

Haya yalinipata mwenyewe huko ukweni, Kosele. Mke wangu Akinyi yuko hapa kando anasoma nikiandika, kwa hivyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi. Ameshanifanya nifute mahali pawili.

Sasa sikieni.

Mama mkwe wangu ni mwalimu mstaafu. Masikio yake siku hizi ni mazito, lakini kichwa kiko sawa kuliko changu. Ana mjukuu anaitwa Awino, mtoto wa dada mkubwa wa Akinyi, wako Canada. Kila Jumamosi jioni, kwao ikiwa ndio kumekucha, mama humfundisha huyo mtoto Dholuo kwa desktop.

Si kwa simu. Mwalimu ni mwalimu, lazima aandike neno likiwa kubwa kwa screen, mtoto alisome.

Shida ni kwamba hilo somo lilikuwa linakufa.

Awino akiuliza mvua inaitwaje, mama anajibu habari ya mahindi. Sauti ya mtoto inakuja vipande vipande. Mama anapaza sauti, mtoto naye anapiga kelele. Yaani majirani wangeweza kufanya mtihani wa Dholuo na wapite.

Mwisho Awino akamwambia mamake kwamba Dana, ndiyo nyanya, hamsikilizi, na yeye hataki tena. Dadake Akinyi akasema wajaribu Jumamosi moja zaidi. Ikikataa, atampeleka mtoto kuogelea saa hiyo na maneno yaishe.

Mama akaambiwa. Akinyi anasema siku hiyo chakula kilirudi jikoni vile kilivyotoka.

Sisi wote tulikuwa na jibu moja: network. Ni network. Nani mwingine wa kulaumiwa?

Basi familia ikaweka router mpya sebuleni. Dadake Akinyi akatuma headphones za Bluetooth, zile za watu wa masikio mazito. Ikabaki desktop yenyewe, mashine ya ofisi ya zamani ile nyembamba, haina WiFi, haina Bluetooth. Cable ya network ilikuwa inatoka sebuleni inapita mlango wa chumba, mlango haufungiki, na mama hapendi chumba chake kikae wazi.

Nikasema hiyo ni kazi ndogo. Kuna card moja inaleta zote mbili. Mimi kazi yangu ni kompyuta hapa Migori, kufungua CPU kwangu ni kama wengine wanavyofungua soda.

(Najua kuna mmoja wenu tayari anaandika "si angetumia earphone za waya." Hizo headphones hazina hata tundu la waya, nilitafuta. Za kawaida zenye waya mama hasikii kitu.)

Sasa kwa wale si wa huku, lazima nieleze jambo.

Kwetu Waluo, mwanamume haingii chumba cha kulala cha mama mkwe wake. Haingii. Wengine siku hizi wamelegeza, wanakaa hadi wanatazama mpira pamoja, lakini huyu maro wangu ni wa zamani. Maro ndiyo mama mkwe. Hatushikani mikono. Akipita nasimama. Hata kulala kwake silali, tukienda huko mimi na Akinyi tunachukua lodging Oyugis.

Na desktop inakaa wapi? Chumbani.

Ijumaa hiyo tukafika. Akinyi akaingia, akanitolea CPU hadi sebuleni ikiwa imefunikwa leso, ni kama hata yenyewe ilikuwa inaona haya. Nikaifungua mezani. Mama alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa chumba, anauliza maswali kupitia Akinyi. Anataka kujua sauti inapitaje ukutani. Anataka kujua kama mawimbi ya jirani yanaweza kuingia kwa yetu. Maswali ya maana kabisa, mimi nikafurahi. Wateja wangu huuliza tu itaisha saa ngapi.

Card ikaingia slot ile fupi bila matata. Nilibadilisha kile kibati cha nyuma nikaweka kile kifupi, juu hizi desktop nyembamba hazimezi kile kirefu. Antena mbili nikazifunga nyuma. Nikawasha.

WiFi ikakubali papo hapo.

Bluetooth haipo. Si kwamba imekataa, haipo kabisa, ni kama sikuinunua.

Nikaweka driver. Wapi. Nikarestart. Wapi. Ndio nikaangalia ndani ya carton ya card nikaona kakebo kadogo nilikokuwa nimekaacha nikidhani ni ka ziada.

Wakuu, hapa nilijifunza kitu na niko kwa hii kazi. Hiyo card ni vitu viwili kwa bodi moja. WiFi inapitia kwa slot. Bluetooth inataka njia yake ya USB, na hako kakebo ndiko kanaipeleka kwa zile pini za USB kwa motherboard. Usipokachomeka, utaweka driver mpaka uzeeke.

Nikachomeka. Bluetooth hiyo. Akinyi akavaa headphones, akacheza wimbo, akaanza kutingisha mabega pale sebuleni. Mimi nikaanza kujisikia mkwe wa maana.

CPU ikarudi chumbani.

Dakika chache, Akinyi anaita kutoka ndani. WiFi ina mstari mmoja. Headphones zinakwaruza, na ziko hapo hapo karibu.

Sasa hebu fikirieni. Router iko sebuleni, ukuta mmoja tu katikati. Headphones ziko hatua moja kutoka kwa mashine. Sebuleni ilifanya vizuri. Imepita mlango tu ikaugua.

Nikakaa kwa kiti, mgongo kwa pazia, nikaanza kutibu mgonjwa nisiyemwona.

Nikamwambia Akinyi aangalie kama antena zimelegea. Akasema ngoja. Halafu akasema signal imekuja, mistari yote. Nikashukuru. Kabla nimalize kushukuru akasema imeenda.

Angalia tena antena. Imekuja. Sawa, sasa kaa hapo kwa meza ujaribu. Imeenda.

Hii kitu ilinisumbua akili kwa njia tamu. Kila akienda kuiangalia inapona, akiacha kuiangalia inaugua. Nikafikiria mabati ya paa, nikafikiria waya za stima kwa ukuta, nikabadilisha channel ya router. Nikauliza kama kuna kioo kikubwa hapo ndani, maana kioo huzuia mawimbi. Akinyi akasema hakuna kioo, kwa sauti ya mtu ambaye hapendi hilo swali.

Nikamwomba anipigie picha ya nyuma ya CPU.

 Nikasikia wakishauriana kwa Dholuo, ambayo naisikia vizuri tu, lakini nikajifanya naangalia simu. Halafu mama mwenyewe akajibu kutoka nyuma ya pazia.

"Orwa, picha ni macho. Ukiona picha umeingia."

Orwa ni mkwe wetu. Ukiitwa hivyo kwa hiyo sauti, mjadala umefungwa. Nikaweka simu mfukoni.

Basi nikaamua nitumie masikio. Nikamwomba Akinyi arudie, aangalie antena polepole. Nikasikiliza. Kufuli likagonga. Bati likalia kwaa! "Imekuja," akasema. Bati tena, kwaa, kufuli. "Imeenda."

Nikauliza, "Akinyi, hiyo bati inalia ni ya nini?"

Hakujibu. Nikauliza tena. Ndio mke wangu, ambaye tumeoana na tuna watoto, akasema kwa sauti ya chini kwamba ni sanduku.

Sanduku gani?

Kumbe, wakuu, CPU inakaa ndani ya sanduku la chuma! Lile la wanafunzi wa boarding, lakini kubwa, limetengenezwa na fundi wa hapo sokoni. Lina kufuli. Lina matundu ya hewa ubavuni, tundu la nyuma la kupitisha waya, na tundu la mbele la kuingiza kidole ukiwasha. Mwizi aliwahi kuvunja dirisha akaenda na TV, mama akasema na kompyuta hatamwachia. Screen iko mezani, sanduku liko chini ya meza.

Mimi nimefungia antena ndani ya chuma halafu nashangaa signal iko wapi.

Na nyumba nzima walijua! Nilimuuliza Akinyi mbona hakusema tangu mwanzo. Akasema yeye hawezi kukaa akimwelezea mumewe vitu vilivyo chumbani kwa mamake. Na mimi sikuuliza, juu mkwe haulizi. Adabu ilikuwa imejaa pande zote, ukweli ukakosa pa kupita. Nilikasirika kidogo, halafu nikacheka hadi mama naye nikamsikia akicheka kule ndani.

Nikapendekeza mashine ikae nje ya sanduku. Mama akakataa. Nikapendekeza sebuleni. Akakataa zaidi, akasema hawezi kufundisha mahali kila mgeni anaingia akitaka chai.

Sawa. Kuna antena zenye waya mrefu na kitako cha sumaku. Nikapigia rafiki yangu Migori, Jumamosi asubuhi akaziweka kwa gari, nikazipokea Oyugis. Akinyi akazifunga nyuma ya CPU, akapitisha waya kwa lile tundu la nyuma, kitako kikajishika juu ya sanduku chwap. Kufuli likafungwa. Mistari ikabaki yote. Headphones hazikwaruzi.

Jioni ikafika saa ya Awino.

Nilikaa sebuleni mkono kwa shavu. Niseme ukweli, niliogopa. Ningekuwa nimeshindwa na mteja ningemrudishia kitu chake tuachane, lakini hapa ni nyanya na mjukuu wake, na hakukuwa na Jumamosi nyingine.

Nikasikia mama akimsalimia Awino.

Halafu kimya.

Nikangoja. Kimya bado. Hakuna kelele, hakuna "hallo, hallo," hakuna kitu. Nikaangalia router, taa zote sawa. Nikamtumia Akinyi meseji nikimuuliza kama imekatika. Hakujibu.

Mama akasema neno moja, polepole. Kimya kirefu tena. Neno lingine.

Nilikata tamaa hapo. Nikaanza kupanga vile nitamwambia dadake Akinyi, na vile nitaweka cable irudi mlangoni.

Akinyi akatoka, macho yamelowa. Nikamuuliza imekatika saa ngapi.

"Haijakatika," akasema. "Mama anamngoja."

Sikuelewa. Nilielewa somo lilipoisha, na lilipita saa yake ya kawaida kwa mbali. Mama akaja hadi kwa pazia. Nikasimama, nikaangalia chini, naye akaangalia upande wa dirisha vile tunavyofanya.

"Orwa," akasema, "huyu mtoto hushikwa na maneno. Neno linaanza, linakwama, halafu linatoka. Nilikuwa nadhani ni network inakata, namjibu kabla hajamaliza."

 Halafu akasema erokamano, yaani asante, akarudi ndani.

Mimi nilikaa chini. 

Sisi sote tulikuwa tumesikia hiyo sauti kwa spika. Akinyi ameisikia, mimi na utaalamu wangu wote nimeisikia, na sote tukasema network. Tukanunua router, tukanunua card. Dadake alipoulizwa akasema alidhani tunajua, tena hakupenda kulitaja jambo hilo mtoto akiwa karibu. Na huyo mtoto kila Jumamosi alikuwa anajikaza kusukuma neno, na kabla litoke anajibiwa mahindi. Mimi pia ningesema sisikilizwi.

Funzo langu ni hili. Kwa upande wa mashine: chomeka hako kakebo ka USB, na kabla ufunge antena uliza CPU inalala wapi, hata kama kuuliza ni aibu. Kwa upande wa watu bado najifunza.

Naomba maoni. Wenye wakwe wa zamani, picha ni kuingia au si kuingia? Mimi na Akinyi bado tunabishana. Wajuzi wa antena, sumaku juu ya chuma inapunguza signal ama ni hadithi tu?

Na kama kwenu kuna mtu ambaye mnasema simu yake hukatika kila mara, mpigie leo. Halafu ikikatika, usiseme hallo. Ngoja kidogo.