Isale Kwenye Sinema Isiyo na Sauti

Jumamosi iliyopita nilipita Tottenham, nikaukuta ule ukumbi wa kanisa umegeuzwa fleti. Nilisimama mvuani kama mjinga, ndugu yangu, nikitafuta harufu ya maandazi.

Humo ndimo tulimojifunzia Kiswahili, sisi watoto tuliozaliwa London na kujibu kila kitu kwa Kiingereza. Mwalimu wetu, Mtanzania mkali mwenye kicheko kikubwa, alituonyesha sinema fupi za zamani, zisizo na sauti: koo mbili za milimani huko Marekani, wazee wenye ndevu na bunduki ndefu, wakiviziana miaka nenda rudi kwa sababu ya nguruwe. Maandishi yakitokea, aliziba projekta kwa kiganja. "Haya, semeni ninyi." Basi tulisimama kwa zamu kusimulia picha kwa Kiswahili, na bibi zetu huko nyuma wakimenya ndizi za mtori na kutusahihisha. Mwalimu alipenda kumalizia kwa kusema wagombanao ndio wapatanao. Bibi yangu alikuwa akisonya.

Alikuwa na sababu. Yeye aliketi dirishani; jirani yetu, mama wa Kilimanjaro kama yeye, aliketi mlangoni, na walikuwa hawasemezani. Babu alipofariki, jirani hakuja msibani siku ya kwanza wala ya pili. Alikuwa shifti, akitunza wazee wa watu, na hakupatikana wa kumpokea zamu. Bibi hakutaka kusikia. Lakini London nzima huyo ndiye mtu pekee aliyezungumza naye Kichaga. Tangu wakosane, bibi alikuwa akizungumza Kichaga na sufuria zake. Nilimsikia, na iliniuma.

Siku ya zamu yangu, mzee mmoja kwenye picha alitoka msituni ameshika tawi mbele ya uso, akinyemelea nyumba ya adui yake. Bibi alikwisha kuniambia kwamba Mchaga aliyekosa huenda na jani la isale, na anayeletewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe.

"Ameleta isale!" nilipiga kelele. "He's saying sorry! Anaomba msamaha!"

Ukumbi mzima uliangua kicheko, maana kila mtu mzima aliiona bunduki nyuma ya tawi. Mwalimu alicheka hadi akasahau kuziba maandishi. Bibi hakucheka. Wala jirani.

Kesho yake mlango wetu uligongwa. Alikuwa jirani, bado amevaa sare ya kazi, amekumbatia chungu kizima cha isale, mmea ambao Waingereza huuweka sebuleni kama pambo tu. "Jani moja lisingetosha, mama," alisema. Bibi alimwambia, "Ingia, chai inapoa." Kisha wakaanza Kichaga, wakalia, wakacheka, mpaka jioni. Sikuelewa hata neno moja, na sijui kama nimewahi kufurahi vile tena.

Mwalimu alirudi nyumbani Tanzania. Bibi tumeshamzika. Jirani amebaki, na sasa ni yeye anayetunzwa. Kila nikienda kumwona hunisalimu kwa Kichaga, nami humjibu kwa Kiswahili, kwa kuwa ndicho nilichofundishwa. Hungoja, labda nitaongeza neno la Kichaga. Halafu huniuliza kwa Kiswahili kama nimekula.