Kanga Juu ya Namba ya Mbele

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi, niliyeanza kwa kubeba magunia ya korosho Masasi hadi nikanunua gari la spoti, bampa chini kabisa. Fundi alilitoboa hilo bampa, akafunga namba ya mbele kisheria. Nikapanda nalo Newala kwa mama mkwe, aliyewahi kuninyima binti yake kwa ufukara wangu. Akalizunguka lote. Kisha akavua kanga ya mabegani, akaifunga mbele, kama gari la bwana harusi. Nikashangaa, na machozi juu.

Wakati wa kurudi, trafiki akanisimamisha.

"Mzee, fungua hiyo kanga, namba haionekani."

"Andika faini tu, afande. Mke wangu lazima aione ilivyofungwa na mama yake."

Akacheka, akaandika. Nililipa shilingi elfu thelathini.